Kabla Chombo Hakijatua kwenye Sayari Ngeni: Mambo ya Kuzingatia

Katika mchezo wa kuigiza wahusika mezani (RPG) unaohusu safari za anga, sayari yenye mila tofauti ikishindwa kunoga, mara nyingi ni kwa sababu mila zenyewe hazimgusi mchezaji popote. Mwongoza mchezo, yule anayebuni ulimwengu na kuusimulia, ameandika kurasa kumi za nasaba za watawala na sikukuu zao, lakini wachezaji wanatua, wanauza shehena, wanajaza tangi na kuondoka. Wenyeji wamebaki kuwa watu walewale wa sayari iliyopita, ila wamebadilishiwa nguo.

Kwa hiyo anza na karatasi tupu, uorodheshe mambo ambayo kundi lako hufanya kila linapotua: kutoka nje, kubeba silaha, kula, kupatana bei, kujaza mafuta, kutafuta fundi, kuaga. Mila unayoiandaa iguse walau matatu kati ya hayo. Isiyogusa hata moja iache, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Hatua ya pili ni kutafuta chanzo cha mila. Hapa mchezo wa Traveller, uliotolewa mwaka 1977 na Game Designers' Workshop ya Marekani, unasaidia sana, kwa sababu kila sayari huandikwa kwa mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu. Tuichukue C640659-8. C ni bandari ya daraja la kati, yenye mafuta yasiyosafishwa tu. 6 ni ukubwa, sayari ndogo kuliko Dunia. 4 ni hewa nyembamba iliyochafuka, isiyovutwa bila barakoa ya kuchuja. 0 ni jangwa. 6 inayofuata ni wakazi wanaohesabiwa kwa mamilioni. 5 ni utawala wa wenye ufundi: anayeendesha mtambo ambao wengine hawawezi kuishi bila huo ndiye mkubwa wao. 9 ni sheria kali, silaha haitoki nje ya nyumba. 8 ni kiwango cha teknolojia.

Ukishaziweka tarakimu hizo pamoja, mila zinajitokeza zenyewe. Kama nje kila mtu amevaa barakoa tangu utotoni, basi uso ni kitu cha ndani ya nyumba, na mgeni anayevua barakoa yake sebuleni bila kuambiwa amejifanya ndugu. Kama maji yanatoka kwenye mitambo ya familia chache, basi kikombe unachopokea kwa mwenye mtambo kinakuweka chini ya himaya yake. Nahodha akinywa, amekubali kuhukumiwa naye. Chunguza kila mila kwa swali moja: ingekuwa na maana kwenye sayari yenye bahari na hewa safi? Ikiwa ndiyo, haijashika mizizi hapa.

Sasa tazama mafuta, maana hapa ndipo mgongano unapokuwa mkubwa kuliko popote. Chombo cha biashara cha tani 200 hutumia asilimia 10 ya ujazo wake kwa mruko mmoja (safari ya kutoka nyota moja hadi nyingine), yaani tani 20 za haidrojeni. Haidrojeni ni sehemu moja kati ya tisa ya uzito wa maji, kwa hiyo tani hizo zikitolewa kwenye maji zinadai tani 180 za maji: lita 180,000. Kwa lita tatu kwa mtu kwa siku, hayo ni maji ya kunywa ya watu 60,000 kwa siku nzima. Kanuni za awali za Traveller zinauza mafuta yasiyosafishwa kwa krediti 100 (krediti ni fedha ya mchezoni) kwa tani, kwa hiyo mchezaji atafungua pochi atoe krediti 2,000 akidhani amemaliza. Usiiache bei hiyo ipite hivihivi. Amua mapema bandari inapata wapi haidrojeni (barafu ya mwezi? sayari kubwa ya gesi?), nani anaruhusu itolewe, na wakazi wanaotazama tangi likijaa wanasema nini. Majibu ya maswali hayo matatu yanaweza kubeba kikao kizima.

Sheria nayo ipigie hesabu. Katika kanuni hizohizo, kiwango cha sheria ndicho unachotakiwa kufikia kwa dadu mbili ili askari wasikusumbue. Kufikia 9 kuna nafasi 10 kati ya 36, hivyo wachezaji watasimamishwa zaidi ya mara mbili katika kila tatu. Ukirusha dadu kila mtaa, kikao kitageuka kituo cha polisi. Mara moja kwa siku ya mchezoni inatosha.

Namna ya kuwajulisha wachezaji inahitaji uangalifu kuliko yote. Hotuba ya dakika ishirini haisikilizwi na mtu, na mila iliyofichwa kabisa inawafanya wahisi wametegwa. Mruko huchukua takriban wiki moja, basi wape wachezaji chomboni abiria ambaye ni mwenyeji wa sayari hiyo. Anakula peke yake chumbani. Mezani anakaa na barakoa yake, na maji yaliyobaki anayarudisha kwenye chupa tone kwa tone, kisha anafuta ukingo wa kikombe kwa kidole. Usieleze kitu. Mchezaji atakayeuliza ajibiwe kweli, na atakayedharau awe ameonyeshwa.

Halafu panga adhabu kwa ngazi. Kosa la kwanza lilete ukimya na bei kupanda, la pili lifunge mlango wa mtu fulani, na la tatu ndipo baraza. Kuruka moja kwa moja hadi jela kunawafundisha wachezaji kubaki ndani ya chombo.

Wenyeji waandae watatu, kila mmoja kwa sentensi mbili: anayeishika mila kwa moyo, anayenufaika nayo, na anayeivunja kwa siri. Hao watatu wakikosekana, mamilioni ya watu watasema kwa sauti moja, na hakuna jamii ya namna hiyo. Vilevile usikope kabila au dini ya watu halisi ukawavika wenyeji wako. Jangwa na nyuso zilizofunikwa zitamvuta mtu haraka kuwaigiza Watuareg au Waarabu, na huenda mezani ameketi mtu ambaye hao ni wajomba zake.

Kabla ya kikao, ulizeni yapi hayataguswa kabisa: utumwa, ukatili kwa watoto, dini. Wekeni katikati ya meza kadi yenye herufi X, utaratibu uliobuniwa na John Stavropoulos. Anayeigusa hatakiwi kujieleza, na tukio linarukwa.

Mwisho andaa njia ya kuondoka. Kama haidrojeni iko mikononi mwa wenye mitambo, wachezaji waliowaudhi hawana pa kwenda, na kampeni (mfululizo wa vikao vya hadithi moja) imekwama jangwani bila wewe kukusudia. Andika njia mbili za kupata zile tani 20: moja ya heshima, kama kumtengenezea mkubwa mmoja mtambo kwa vipuri vilivyomo chomboni, na moja ya hatari, kupitia yule anayevunja mila kwa siri. Ya tatu wataibuni wachezaji wenyewe, kwa hiyo acha nusu ukurasa wazi.