Kusuka Kenyatta Market bila kupoteza nywele za kipaji cha uso

Msuko mzuri hauumi usiku wa kwanza. Mabinti wengi wa Nairobi wamelelewa wakiambiwa urembo ni kuvumilia, kwa hiyo wanatoka sokoni na kichwa kinachopwita, wanameza dawa ya maumivu, na wanalala wamekaa. Baada ya miaka michache nywele za juu ya masikio zinaanza kurudi nyuma. Maumivu hayo ni habari: ngozi inakuambia kwamba shina la unywele linang'olewa polepole. Kila hatua iliyo hapa chini inalenga utoke na misuko iliyonyooka na kichwa chenye amani.

Anza siku tatu kabla. Osha nywele kwa shampuu, tia kandishona, kisha zikauke kabisa. Mwezi wa Juni hadi Agosti, Nairobi ikiwa baridi na mawingu hayaondoki, nywele nene huweza kubaki na unyevu ndani hata baada ya saa nyingi, na nywele zilizosukwa zikiwa mbichi hunuka uvundo kufikia wiki ya pili. Chana kutoka nchani kwenda kwenye shina, gawa mafungu manne, sukia vitutu vikubwa ulale navyo. Ukipiga blodrai, paka kwanza mafuta au krimu ya kukinga joto, na usirudie fungu moja zaidi ya mara mbili. Kama nywele zako ni za dawa, usisuke wiki ileile ulipotiwa dawa. Ngoja angalau wiki mbili, kwa sababu unywele umetoka kulegezwa na haujawa tayari kubeba uzito.

Jambo dogo ambalo karibu kila mtu hulisahau: vuta unywele mmoja wa nyuma na mmoja wa mbele, uone unafika wapi mwilini. Sikioni, kidevuni, begani. Andika kwenye simu. Siku ya kufumua utalihitaji sana.

Nywele za kusukia ni nafuu ukizinunua mwenyewe mjini, hasa maduka ya vipodozi ya Dubois Road na yale ya kuelekea River Road, kuliko kumwachia msusi akuletee. Ukinunua mwenyewe unachagua rangi kwenye mwanga wa mchana. Soma nambari: 1 ni nyeusi tititi, 1B ni nyeusi laini inayofanana na nywele za wengi wetu, 2 na 4 ni kahawia, 27 ni rangi ya asali, 30 na 33 zinaelekea wekundu, 99J ni rangi ya divai. Nambari ileile kutoka kampuni mbili tofauti haitoi rangi ileile, na hata kampuni moja inaweza kutofautiana kidogo kati ya katoni na katoni. Kwa hiyo nunua pakiti zote pamoja, duka moja, kampuni moja. Kwa misuko ya unene wa wastani inayopita mabega kidogo, pakiti 4 hadi 6 hutosha wengi. Ya kufika kiunoni, 6 hadi 8. Ongeza moja, na mwulize muuzaji kama atairudisha ikiwa haijafunguliwa. Chukua zile zilizokwisha kuvutwa kiwandani, ambazo ncha zake zimepungua zenyewe. Zilizokatwa sawasawa kama ufagio zinamlazimisha msusi azivute kwa mkono, na hapo muda unaliwa.

Ukichukua jeli na shampuu hapohapo, tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na nambari ya kibali iliyo chini yake. Tuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023. Ujumbe unaorudi unataja bidhaa na kampuni yake. Kama jina lililorudi halifanani na la kwenye kopo, liache palepale kaunta.

Jioni loweka nywele hizo za bandia. Siki ya tufaha kikombe kimoja, maji ya uvuguvugu vikombe vinne, beseni, nusu saa. Utaona utando mweupe ukielea juu: ni ile dawa inayopakwa kiwandani, ndiyo inayowasha ngozi ya wengi hadi wakadhani wana mba. Usivuruge. Acha lastiki yake ikiwa imefungwa, suuza kwa maji safi mpaka harufu ipungue, tundika kwenye kamba. Asubuhi zitakuwa kavu.

Sokoni

Kenyatta Market iko upande wa Mbagathi Way, karibu na mtaa wa Golf Course, si mbali na Hospitali ya Kenyatta. Nenda siku ya kazi, asubuhi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi na wiki mbili za kabla ya Krismasi kuna msongamano, na msusi aliyechoka huvuta zaidi.

Kabla hujavuka geti utasikia "Mrembo, kuja nikusuke!" kutoka pande zote, na mikono itakushika. Tabasamu, sema "Asante dada, natembea kwanza," na uendelee. Zunguka. Usiangalie picha za ukutani, maana picha ile inaweza kuwa ya kichwa cha mtu aliyesukwa Lagos. Angalia vichwa vilivyo kwenye viti sasa hivi. Kama ngozi ya mteja kwenye shina imeinuka kama hema, au nyusi zimevutwa juu hadi anaonekana ameshtuka, pita. Kama mteja anasinzia, simama hapo.

Patana bei kabla hujakaa, na patana kwa maneno yaliyo kamili: unene gani, urefu hadi wapi, mistari iwe ya miraba au pembetatu, maji moto ya kumalizia ncha yamo au hayamo, nywele ni zako au zake. Uliza pia ni mikono mingapi itakayoshika kichwa. Soko hili linajulikana kwa kasi, na kasi hiyo inatokana na wasusi watatu au wanne kukuzunguka kwa pamoja. Ubaya wake ni kwamba kila mkono una nguvu yake. Upande wa kushoto unatoka mlaini, wa kulia unauma, na nyuma misuko ni minene kuliko mbele. Wasusi wawili wanatosha. Watatu ni sawa ukiwa na haraka, lakini sema wazi kwamba mstari wote wa mbele, sikio hadi sikio, utasukwa na mtu mmoja, yule mwenye mkono mwepesi. Malipo yote mpe yule mliyepatana naye. Kugawana na wenzake ni juu yake. Ukituma kwa M-Pesa, soma jina kwa sauti kabla ya kubonyeza. Ukikosea nambari, peleka ujumbe ule wa muamala kwenda 456 mara moja, kabla pesa hazijatolewa.

Vaa blauzi ya vifungo au shingo pana usije ukalazimika kuivua kupitia kichwani. Kula. Misuko ya wastani inaweza kuchukua saa 4 hadi 7, na kiti ni kigumu, basi simama kila saa. Omba nafasi iliyo mbali na upande wa nyama choma, kwa kuwa nywele za bandia hushika moshi na hazitauachia kabla ya kuoshwa. Mkoba ukae mapajani, mkanda wake umezungushwa mkononi. Ukiwa umeinamisha kichwa huoni kitu.

Mvuto

Hapa ndipo pa kukaa macho, hata kama umechoka.

Uzito wa msuko hubebwa na nywele zilizo ndani ya kiboksi chake, yaani kile kipande cha ngozi kilichogawanywa kwa mistari ambapo msuko mmoja unaanzia. Kiboksi kidogo chenye msuko mnene ni kama kutundika ndoo ya maji kwenye uzi. Kwa misuko ya wastani kiboksi kiwe na upande wa karibu sentimita 2, na msuko usiwe mnene kuliko kiboksi kilichoubeba. Mstari wa mbele, ambako nywele ni nyembamba, geuza kanuni: kiboksi kiwe kikubwa kidogo na nywele za kuongezea ziwe chache. Zile nywele fupi laini za kandokando, malaika, zisiguswe. Mwambie aanze nusu kidole ndani ya mpaka wa nywele. Wasusi wengine hupenda kuzikusanya na jeli ili picha itoke safi. Kataa, kwa upole, hata mara tatu.

Msuko wa kawaida huanza na fundo: nywele ya bandia hufungwa shinani tangu mwanzo, na uzito wote unaning'inia pale. Msuko usio na fundo, ule ambao sokoni unaitwa notlesi, huanza na nywele zako peke yake kwa sentimita moja au mbili, kisha nywele ya bandia inaingizwa kidogokidogo. Unakula muda zaidi na bei yake ni juu, na kwa mtu mwenye nywele nyembamba mbele fedha hiyo ina maana. Lakini notlesi si kinga peke yake. Msusi anayetaka ulale bapa na kung'aa kama picha anaweza kuuvuta vilevile.

Baada ya misuko mitano ya kwanza omba kioo. Inua nyusi, fumba macho, tafuna kama una kipande cha muhogo. Ukihisi kuchomwa, au ukiona vidoto vyeupe shinani, sema palepale: "Dada, hapa umevuta sana, tafadhali fungua urudie." Mitano kuirudia ni dakika kumi. Ukinyamaza hadi hamsini, aibu itakushinda na utaondoka nayo. Msusi mzuri hakasiriki. Akikujibu kwamba italegea yenyewe baada ya siku tatu, ujue kinacholegea ni mashina ya nywele zako.

Kumaliza ni kwa maji moto, kamwe si kiberiti, maana ncha iliyochomwa hugeuka mwiba mgumu unaokwaruza shingo usiku kucha. Funika mabega kwa taulo nene, kusanya misuko nyuma, ncha zitumbukizwe kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde 10 hadi 15, zitolewe moja kwa moja juu ya taulo jingine. Birika lisipite juu ya kichwa chako. Kuungua shingo na mgongo kunatokea hapa, karibu kila mara kwa haraka ya mteja anayefuata.

Nyumbani, kama bado panauma jioni, fungua misuko ya mbele usiku huohuo. Weka taulo la uvuguvugu kwa dakika chache. Usifunge fundo la juu wiki nzima ya kwanza. Na ukipanda bodaboda, shusha misuko nyuma ya shingo ili kofia ngumu isiikandamize. Vipele vyenye usaha, au uvimbe unaoshuka kwenye paji la uso, ni vya kupeleka kliniki. Madaktari wa ngozi wanaijua hali hii: mwanzoni nywele zilizokatika kwa kuvutwa hurudi, lakini ngozi ikivutwa miaka mingi hupata kovu, na penye kovu unywele hauoti tena.

Lala na kofia ya satini au mto wenye foronya ya satini. Kila wiki mbili osha ngozi tu: chupa yenye mdomo mwembamba, shampuu sehemu moja kwa maji matatu, pitisha kwenye mistari, kamua kwa vidole bila kusugua, suuza mpaka povu liishe. Fanya asubuhi ya siku yenye jua. Mafuta ni matone machache kwenye mistari mara mbili kwa wiki. Ukizidisha juu ya jeli unapata uji mweupe shinani.

Kufumua

Wiki 6, 8 ikizidi sana. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi au zaidi kidogo, kwa hiyo kufikia hapo msuko mzima unaning'inia kwenye kipande chembamba cha nywele mpya, nacho hujisokota na kuanza kuwa dredi.

Rudia ile alama uliyoandika kwenye simu. Kata msuko vidole vitatu chini yake, si hapohapo. Fumua kwa mkia wa chanuo. Kila fungu likifunguka, tia kandishona au mafuta kwenye ule uchafu ulioganda shinani na uusage kwa vidole mpaka uachie, kisha chana. Haya yote yafanyike kabla maji hayajagusa kichwa. Ukiosha kwanza, uchafu ule na nywele zilizokufa zinashikana kuwa donge, na donge hilo hutoka kwa mkasi.

Utaona rundo la nywele na moyo utashtuka. Piga hesabu: mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku, na kwa siku 42 zote zilikuwa zimefungwa ndani ya msuko. Hiyo ni 2,100 hadi 4,200. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni vipande vifupi vilivyokatika katikati, au mabaka yanayong'aa juu ya masikio. Ukiyaona hayo, usisuke tena sehemu hiyo kwa miezi kadhaa. Kama hakuna, osha, acha kandishona nzito nusu saa, kata ncha zilizochanika, na pumzisha kichwa wiki mbili kabla hujarudi Kenyatta Market.