Kutafuta kosa la taimingi ya moto kwenye injini ya lori la zamani iliyofumuliwa na kufungwa upya

Lori lililonifanya niandike mwongozo huu ni Bedford la petroli lenye silinda 6, ambalo mwenyewe hulitumia kusomba dagaa kutoka mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza. Injini yake ilikuwa imefumuliwa na kufungwa upya katika gereji nyingine, ikawekwa pistoni na ringi mpya, lakini lilipoletwa kwangu Nyakato halikuwa na nguvu, rejeta ilichemka kabla ya kufika Igoma, na manifoldi ya eksozi ilikuwa imebadilika rangi kwa joto. Mzee mwenye lori alikwisha kununua kabureta moja na koili mbili, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kibovu.

Hatua ya 1: Sikiliza lori linalalamika nini

Taimingi ya moto ni wakati ambao plagi hutoa cheche, ukilinganisha na mahali pistoni ilipo. Moto ukiwahi kupita kiasi, stata hurudishwa nyuma wakati wa kuwasha, na injini hugonga kama misumari ndani ya kopo inapopanda mlima ikiwa na mzigo. Moto ukichelewa, injini huwaka kwa urahisi lakini huwa nzito, hula mafuta, hupata joto na hupiga milio kama risasi kwenye eksozi. Bedford hili lilikuwa na dalili zote za kuchelewa.

Hatua ya 2: Platini kwanza

Usizungushe distributa, kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, kabla ya kuweka sawa pengo la platini, yaani vidole vya umeme vilivyo ndani yake ambavyo vikifunguka cheche hutoka, kwa sababu pengo likibadilika, taimingi nayo hubadilika: likiwa kubwa, platini hufunguka mapema na moto huwahi, likiwa dogo, moto huchelewa. Kwa injini nyingi za aina hii pengo huwa kati ya milimita 0.35 na 0.45, ila kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Tumia fila geji, yaani visahani vyembamba vya chuma vya kupimia pengo. Nimeona mafundi wakitumia kipande cha boksi la kiberiti, na siwezi kukitetea kitendo hicho, kwa maana unene wa karatasi haujulikani na platini mpya hailingani na ile iliyokwisha kuota kichuguu upande mmoja.

Hatua ya 3: Hakikisha kwamba alama ni ya kweli

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima. Puli ya krenki, gurudumu la mbele ya injini, ilikuwa na alama ya rangi nyeupe ya kilele, yaani pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa; ilikuwa safi kabisa, nami nikaiamini. Niliweka moto digrii 8 kabla ya alama hiyo, taa ya taimingi, inayomulika puli kila plagi ya kwanza inapotoa cheche, ikakubali, na lori likaendelea kuchemka vilevile. Alama ilikuwa imepakwa kwa kukisia, kwa kuwa ile ya kiwandani ilikuwa imeliwa na kutu.

Kilele halisi hutafutwa kwa kuizuia pistoni isifike juu. Kama silinda hedi bado haijafungwa, kazi ni nyepesi: weka kipande cha chuma kigumu juu ya silinda ya kwanza, ukifunge kwa boliti za hedi, kiwe kizuizi cha pistoni, na uweke washa au nati kati yake na pistoni ili pistoni iguse kabla ya kufika juu kabisa. Kama hedi imekwisha kufungwa, chukua plagi ya zamani, vunja udongo wake mweupe, kisha chomelea ndani yake boliti ndefu yenye ncha iliyoviringwa, kwa sababu pistoni za aluminiamu huchubuka kwa urahisi. Plagi zikiingia kwa mshazari mkali, boliti inaweza isiipate pistoni vizuri, na hapo usiilazimishe.

Ondoa waya wa betri na fungua plagi zote. Zungusha injini kwa mkono hadi pistoni ya kwanza ishuke, ndipo ufunge kizuizi. Kamwe usitumie stata, maana itatoboa pistoni. Funga waya mgumu kwenye boliti ya kifuniko cha gia za mbele uwe kielekezi, mbali na feni. Zungusha taratibu hadi pistoni iguse kizuizi, piga alama kwenye puli mbele ya kielekezi; zungusha kinyume hadi iguse tena, piga alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili, kwa upande wa njia fupi, ndipo kilele halisi cha pistoni kilipo. Katikati ya njia ndefu ni pistoni ikiwa chini kabisa.

Sasa zungushia puli uzi na upime. Mzingo wa puli ile ulikuwa milimita 540, kwa hiyo kila digrii ni milimita 1.5, na digrii 8 ni milimita 12. Alama ya digrii 8 lazima iwe upande unaotangulia kufika kwenye kielekezi injini inapozunguka kawaida. Mimi mara ya kwanza niliipiga upande wa pili kwa uchovu, nikaongeza saa mbili za kazi bure. Alama nyeupe ilikuwa milimita 16.5 nyuma ya kilele halisi, yaani digrii 11. Kumbe moto wangu ulikuwa ukiwaka digrii 3 baada ya kilele.

Hatua ya 4: Weka moto kwa balbu

Ondoa kizuizi na urudishe waya wa betri. Ilete silinda ya kwanza kwenye mgandamizo, si kwenye kutoa moshi, na usimamishe puli kwenye alama mpya ya digrii 8. Unga balbu ya volti 12 kati ya bodi na upande wa koili unaokwenda kwenye distributa, washa swichi, kisha zungusha distributa kinyume cha mzunguko wa rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake, hadi balbu iwake tu. Ukipitiliza, rudi nyuma kwa wingi na uanze tena, ili ulegevu wa gia usikudanganye. Mpangilio wa waya za plagi, kwa zamu ya kuwaka, mara nyingi ni 1-5-3-6-2-4.

Hatua ya 5: Taa ya taimingi

Chomoa bomba la vakyumu la distributa, linalowahisha moto kwa mvuto wa hewa, lizibe, na uangalie injini ikinguruma polepole. Ukiongeza mafuta, alama isogee upande wa kuwahi kwa ulaini. Ikikaa palepale, uzito wa ndani ya distributa unaowahisha moto umeganda kwa kutu. Ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, hivyo injini huvumilia digrii 1 au 2 zaidi ya zile za kitabu, lakini ongeza baada ya kulijaribu lori likiwa na mzigo. Mimi huenda barabara ya Usagara. Mlima wa Bugando una hospitali, na haufai kwa majaribio ya injini inayopiga risasi.

Nguvu zikikosekana hata sasa, pima mgandamizo: silinda zote zikiwa chini kwa kiwango kimoja, gia ya kamshafti, shafti inayofungua vali, huenda imeruka jino.

Kaza boliti ya distributa, kisha angalia tena kwa taa, kwa sababu kukaza kwenyewe huweza kuizungusha. Mzee nilimwambia alirudishe baada ya kilomita 500, kwani kitako cha platini mpya huliwa haraka mwanzoni na pengo hujifunga.