Somo: Kuandika kumbukumbu za kipindi cha tiba ya tabia

Wanachama, hamjambo. Nimekuwa nikisoma kumbukumbu za wenzetu wanaofanya tiba ya tabia na watoto wenye usonji, na kasoro moja inajirudia: ukimaliza kusoma unajua mwandishi alichoka kiasi gani, lakini hujui mtoto alifanya nini. Msimamizi akiipata karatasi kama hiyo hana cha kuamulia, na mtoto anaendelea na mpango uleule usiomfaa.

Kwa wenzetu walioko Marekani wenye cheti cha RBT (fundi wa tabia aliyesajiliwa), kanuni ya BACB, bodi inayotoa cheti hicho, inataka usimamizi wa walau asilimia 5 ya saa za huduma kila mwezi. Saa nyingine zote msimamizi anaweza kuwa hayupo kabisa, na anachokijua ni kile ulichoandika. Kwetu Afrika Mashariki usimamizi mara nyingi huwa mdogo zaidi, kwa hiyo maandishi yanabeba mzigo mkubwa zaidi.

Kipimo ninachotumia ni cha zamani. Mwaka 1968 Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley wa Chuo Kikuu cha Kansas, walipoeleza misingi ya fani hii, walitaka mbinu ielezwe kiasi kwamba msomaji aliyefunzwa aweze kuirudia kwa kusoma tu. Jiulize hivyo kuhusu karatasi yako: kesho ukiugua na mwenzako akachukua faili, ataanzia pale ulipoishia?

Hatua ya 1: Andaa karatasi kabla mtoto hajafika
Tarehe, saa ya kuanza, mahali, waliopo na malengo ya siku hiyo. Mzazi akikuambia mlangoni kwamba mtoto hakulala au ameanzishiwa dawa mpya, andika, ila ionekane ni maneno ya nani: "Mama anasema amelala saa 8 usiku."

Hatua ya 2: Hesabu kazi ikiendelea
Chagua kipimo kinacholingana na tabia. Kupiga, hesabu mara ngapi. Kulia, pima muda. Kuitika jina, pima sekunde zinazopita kuanzia ulipoita. Stadi unayofundisha, andika amefaulu mara ngapi kati ya ngapi, na kwa msaada gani.

Hapo kwenye msaada ndipo wengi wanaruka. "Kunawa mikono 8/10" haitoshi. Alinawa mwenyewe, au ulimwonyesha kwa kidole, au ulimshika mikono ukamnawisha? Mtoto anayenawa mwenyewe mara 8 yuko tayari kwa lengo jipya. Anayenawishwa mara 8 bado hajaanza. Vilevile idadi bila muda haisemi kitu. Kupiga mara 6 ndani ya nusu saa ni tofauti kabisa na mara 6 ndani ya saa 3.

Kama huna kaunta ya mkononi (kifaa kidogo cha kuhesabia kwa kubonyeza), weka punje za mahindi mfuko wa kulia na uhamishe moja kwenda kushoto kila tabia inapotokea. Mwisho unahesabu mfuko wa kushoto. Ni njia ya bei ya bure na haikuondoi macho kwa mtoto.

Hatua ya 3: Andika kilichoonekana na kilichosikika
Hii ndiyo kazi yenyewe. Maneno kama mkaidi, amedeka, hana nidhamu, alitaka kunikomoa, yote ni hukumu. Watu wawili waliokuwa chumba kimoja wanaweza kubishana juu yake hadi jioni. Andika kile ambacho kamera ingekinasa.

Tuchukue mtoto wa kubuni, tumwite K. Kumbukumbu ya kwanza inasema: "Leo K. alikuwa mkaidi sana kwenye kazi za mezani, alinisumbua, baadaye akatulia."

Sasa kipindi kilekile:

"Saa 4:20 asubuhi nilimwambia K. 'weka nyekundu kwenye kikombe' kwa mara ya tatu mfululizo. Alizisukuma kadi zikaanguka, akalala chali sakafuni, akalia kwa nguvu dakika 4. Niliokota kadi na kuondoa vikombe mezani. Alinyamaza vikombe vilipoondoka, akaenda kwenye matofali ya plastiki."

Ina vipande vitatu: kilichotangulia, tabia, kilichofuata. Usikiache hicho cha tatu hata siku moja. Hapo msimamizi anaona uwezekano kwamba kilio kilimwondolea K. kazi, na kwamba kesho kinaweza kuja haraka zaidi. Hukuandika "anakwepa kazi", maana tukio moja halithibitishi. Yakirudiwa matukio kumi yaliyoandikwa hivi, sura itajitokeza yenyewe.

Angalieni pia kwamba mwandishi amejitaja: niliokota, niliondoa. Hata kama mpango ulisema vikombe vibaki, andika ulichokifanya. Kitendo chako ni sehemu ya kilichompata mtoto. Ukikificha, msimamizi atadhani mpango ulifuatwa ukashindwa, ataubadilisha, na aliyeonewa hapo ni mtoto.

Hatua ya 4: Funga kwa lengo
Mistari miwili mitatu: mbinu uliyotumia, mtoto alivyoipokea, kitu cha kuangalia kipindi kijacho.

Hatua ya 5: Maliza siku hiyohiyo, andika saa ya kumaliza, weka saini
Ukikosea kwenye karatasi, piga mstari mmoja juu ya kosa likiwa bado linasomeka, andika sahihisho, tarehe na herufi za jina lako. Usitumie wino mweupe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Dar es Salaam: Shikamoo mwalimu. Mtoto wangu akiona kalamu anainyakua. Niandike saa ngapi?

Jibu: Marahaba. Wakati wa kazi usiandike maneno, weka alama tu. Bandika kipande cha plasta kwenye mkono wa shati na uchore vijistari hapo. Maelezo yaandike dakika za mwisho, mtoto akiwa na anachokipenda na mtu mzima mwingine akiwa karibu. Ila idadi usiiachie kichwa. Ikifika jioni utaikadiria, na makadirio huvutwa na jinsi siku ilivyoisha.

Mwanachama, Minnesota: Nyumba ninayokwenda wanaongea Kiswahili, kliniki inataka Kiingereza. Mtoto akisema "taka maji" niandikeje?

Jibu: Andika "taka maji" kama alivyotamka, halafu maana yake kwa Kiingereza pembeni. Taja pia wewe ulimwuliza kwa lugha gani. Ukiandika sentensi nzuri ya Kiingereza peke yake, umempa mtoto matamshi ambayo hajayatoa, na lengo la kuongea litahesabiwa vibaya.

Mwanachama, Marekani (ameomba jimbo lisitajwe): Kipindi kiliisha dakika 40 kabla, mtoto alipata homa. Ofisini nimeambiwa niandike saa zote 2.

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Huduma hiyo hudaiwa kwa bima kwa msimbo 97153, vipande vya dakika 15 za kuwa ana kwa ana na mteja. Kuandika muda ambao hukuwepo ni kuidanganya bima, na saini iliyo pale chini ni yako. Andika saa halisi ya kumaliza na sababu: "Kipindi kimeisha mapema, mama amemchukua kwa sababu ya homa." Mjulishe msimamizi wako wa kitaaluma kwa maandishi, siku hiyohiyo.

Mwanachama, Mombasa: Mama wa mtoto ananiomba nimpigie picha kumbukumbu na kumtumia WhatsApp. Vipi?

Jibu: Mama ana haki ya kujua ya mwanawe, kwa hiyo usimnyime. Swali ni njia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, sawa na ile ya Tanzania ya 2022, na Marekani wana HIPAA, sheria ya 1996 inayolinda taarifa za afya. Muulize mkuu wa kituo njia iliyokubaliwa, au keti na mama msome pamoja, ambayo mimi naipendelea kwa sababu atauliza papo hapo. Kwenye grupu la wafanyakazi usitume kabisa, hata jina likifichwa. Sare ya shule au ukuta wa nyumba vinatosha kumtambulisha mtoto. Na andika kila mara ukijua mama atasoma.

Mwanachama, Arusha: Siku ambayo mtoto hakupiga mtu naacha wazi?

Jibu: Usiache. Andika "Kupiga: mara 0 ndani ya saa 2." Kama wiki iliyopita ilikuwa mara 9, hiyo sifuri ndiyo habari kubwa ya ukurasa, na msimamizi atataka kujua mlikuwa mnafanya nini, kwa hiyo eleza shughuli zilizofanyika. Nafasi ikiwa wazi hatujui kama hakupiga au hukuhesabu. Na kama kweli hukuhesabu, andika "haikuhesabiwa" na sababu yake.