Kwenda sokoni Lamu bila kurudi na nailoni

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017. Hata hivyo, ukinunua chakula cha siku moja tu soko la kando ya Ngome waweza kufika nyumbani na nailoni tele: ya bizari, ya unga, ya samaki, na vipakiti vya mafuta. Kisiwani taka hizo hubaki hapa hapa. Zikitupwa kichochoroni, punda huzila kwa sababu ya mabaki ya chakula yaliyoganda ndani. Nailoni haisagiki tumboni, humziba matumbo, na wengi hufa kwa maumivu makali.

Tayarisha vyombo usiku, vikiwa safi na vikavu. Na useme kabla muuzaji hajachota: "Nipimie humu, chombo ninacho." Ukichelewa kidogo tu, mkono wake umeshafika kwenye rundo la mifuko.

Kwa mchele, kunde, pojo na sukari, shona vifuko vya leso kuukuu. Leso moja ya sentimita 150 kwa 110 hutoa vipande 6 vya sentimita 30 kwa 80, na masalio yatoshe kamba za kufungia. Kunja kila kipande katikati, shona pembeni mara mbili, acha juu wazi. Kifuko kimoja hubeba kilo 2 bila taabu. Usitumie chandarua kilichotiwa dawa ya mbu, hata kikiwa kizee: dawa hiyo si ya kukaa na chakula. Unga pia usiutie kitambaani, kwani hupenya nyuzi na kumwagika njia nzima. Uwekee mkebe wenye kifuniko.

Mkebe una jambo lake. Upime mtupu kwanza, uandike uzito wake chini kwa kalamu ya wino usiofutika, na umwoneshe mwenye mizani aupunguze. Mkebe wa gramu 150 usiopunguzwa ni gramu 150 za bati ulizolipia kwa bei ya unga. Nunua unga wa wiki mbili, si zaidi. Kwa unyevunyevu wa pwani, unga uliokaa sana huingia wadudu.

Mafuta ya kupima yatie kwenye chupa ya kioo ya lita moja. Ioshe kwa maji moto na sabuni, kisha iinamishe usiku kucha. Tone la maji likibaki, mafuta huharibika upesi na yakitiwa kaangoni huruka. Dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya mimea lisitiwe chakula kamwe, hata lioshwe mara ngapi.

Samaki ndio mtihani. Miiba ya tafi hutoboa nailoni, ndiyo maana muuzaji hufunga miwili mitatu, mmoja juu ya mwingine. (Miiba hiyo ina sumu, basi ushike kwa hadhari.) Samaki wazima, kama changu na tafi, watungwe: chukua mwaa mrefu (ukuti wa kusukia vikapu), uloweke maji dakika 10 ulainike, upitishe kwenye shavu utokee mdomoni, kisha ufunge kitanzi. Mwaa mkavu hukatika fundoni, na samaki wote huwa chini. Vipande vya nguru, kamba na ngisi havitungiki. Hivyo vinataka ndoo ya lita 5 yenye kifuniko, iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, si ya rangi. Ukifika nyumbani isuuze kwanza kwa maji baridi. Maji moto hugandisha utando wa samaki, na harufu haitoki tena. Baadaye sabuni, ndimu, na jua.

Kikapu cha miyaa kitie viazi na nazi chini, nyanya na mchicha juu. Kikirowa kitundike penye upepo kikiwa kimeinamishwa. Ukikiweka sakafuni kina maji, kitako kitaota koga na kuoza. Ile mifuko laini inayouzwa madukani na kufanana na kitambaa mingi ni plastiki pia, na ikipigwa na jua huchanika nyuzi nyuzi. Unayo? Itumie mpaka iishe, ila usinunue mingine.

Vipakiti vidogo vya mafuta, sabuni na viungo viache kabisa ukiweza. Vingi ni tabaka za vitu tofauti zilizogandishwa pamoja, na haziyeyuki kuwa kitu kimoja cha kutengenezea kingine. Plastiki ngumu ni afadhali: jahazi la Flipflopi, lililoundwa hapa Lamu na kushushwa majini 2018, ni la plastiki ya aina hiyo. Basi chupa za sabuni na madumu yaliyopasuka yasuuze, yakaushe, uyaweke kwenye gunia lake, mbali na taka za jikoni. Likijaa, mpe anayekusanya.