Ndugu yako ameshikwa Kisumu kwa kumpiga mkewe: dhamana ukiwa ng'ambo

Ukiwa Doha au Minnesota, simu huja usiku: "Ndugu yako ameshikwa, amempiga mkewe, tuma pesa haraka." Usitume bado. Uliza yuko kituo gani, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) ni ipi, na mkewe yuko wapi, ametibiwa au la. Jibu la hilo la mwisho litaathiri dhamana kuliko pesa zako.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha korti imefungwa, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana aliyekamatwa Kondele Ijumaa jioni anaweza kulala seli hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Katikati hapo OCS, mkuu wa kituo cha polisi, anaweza kumwachilia, ila kwa kesi za nyumbani wengi husita. Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi ya kufika kortini, hailipiwi. Ikiwa ni dhamana ya pesa taslimu, dai risiti. Anayesema umtumie kwa M-Pesa yake binafsi anaomba hongo.

Kortini, dhamana ni haki ya mshtakiwa isipokuwa kuwe na sababu nzito. Kwenye kesi hizi sababu inayotajwa mno ni kwamba mlalamishi na mshtakiwa wanaishi pamoja, na anaweza kumtisha au kumpiga tena. Kwa hivyo tafuta pa kulala kabla ya kutafuta pesa. Wa Nyalenda, Kisumu, aende kwa mjomba Ahero; wa Kaptembwo, Nakuru, apangishiwe chumba Lanet, kisha wakili amtajie hakimu anwani hiyo. Simba, yaani kibanda cha kijana wa kiume, iliyo ndani ya boma lile lile, hatua chache kutoka jikoni kwa mke, haisaidii kitu, hata mama akiapa kwamba atawachunga.

Pesa za korti hulipwa kwa njia rasmi, na kesi ikiisha hurudishwa kwa aliyezilipa. Jina kwenye risiti basi liwe la mtu unayemwamini, mwenye kitambulisho, atakayeitunza risiti hiyo miaka miwili au zaidi. Mshtakiwa akitoroka, pesa zinaweza kuchukuliwa na serikali. Hakimu akitaka mdhamini mwenye mali, hati ya shamba ndiyo hukwamisha familia nyingi za magharibi mwa Kenya: bado iko kwa jina la babu aliyefariki, na mirathi haijafanywa. Afadhali logibuku (hati ya umiliki) ya gari la binamu.

Sasa shemeji, yaani mke aliyepigwa. Wazee watakuomba umpigie "amalize mambo kinyumbani." Usipige. Kesi iko mikononi mwa mwendesha mashtaka, kwa hivyo shemeji peke yake hawezi kuiondoa, na simu za kumshinikiza zinaweza kumfutia ndugu yako dhamana. Kama korti imetoa amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, kuivunja ni faini ya hadi shilingi 100,000, kifungo cha hadi miezi 12, au vyote viwili.

Ukitaka kumsaidia shemeji kwa matibabu au chakula cha watoto, pitia kwa watu wa kwao, bila masharti. Wakumbushe pia kwamba fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, hutolewa bure, na kwamba anaweza kupiga 1195, simu ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, bila malipo.