Jinsi ya kusanifu bwawa la kutuamisha mashapo katika mgodi wa makaa ya mawe

Katika ukanda wa makaa ya mawe wa kusini-magharibi mwa Tanzania, kuanzia Kiwira hadi Ngaka wilayani Mbinga, mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na maji mengi ya ukanda huo huishia Ziwa Nyasa. Bwawa la kutuamisha mashapo, yaani udongo na vumbi la makaa vinavyobebwa na maji, linapaswa kuwa limekamilika kabla ya msimu huo, kwa kuwa kulichimba huku mvua zikinyesha ni kuongeza tope badala ya kulizuia.

Hatua ya 1: Tenganisha maji. Chimba mifereji ya kukinga juu ya shimo la mgodi na juu ya malundo ya kifusi, ili maji safi ya mlimani yapite pembeni. Kila hekta unayoiondoa hapa inapunguza ukubwa wa bwawa, na mfereji ni nafuu kuliko tuta.

Hatua ya 2: Kadiria ujazo. Kanuni za Marekani, ambazo wasanifu wengi huzitumia kama kipimo, kwa kawaida hulitaka bwawa lihimili mvua ya saa 24 inayotarajiwa mara moja katika miaka 10. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mvua hiyo ni milimita 80, eneo linaloleta maji ni hekta 20, na asilimia 60 ya mvua hutiririka: utapata mita za ujazo 9,600. Juu ya hizo ongeza nafasi ya mashapo yenyewe, ambayo wengi huisahau.

Hatua ya 3: Tafuta eneo la uso wa maji. Hapa ndipo michoro mingi hukosewa, kwa sababu msanifu huongeza kina akidhani kwamba ndicho kinachotuamisha punje. Punje hutua pale ambapo kasi yake ya kuzama inazidi mtiririko wa kutoka ukigawanywa kwa eneo la uso. Kina hutoa nafasi ya kuhifadhi tu. Katika maji ya nyuzi 20 za Selsiasi, punje ya udongo laini (silti) yenye kipenyo cha milimita 0.01 huzama kwa takriban milimita 0.09 kwa sekunde. Punje ya makaa ya ukubwa huohuo, yenye msongamano wa takriban mara 1.4 ya maji, huzama kwa milimita 0.022 tu, yaani karibu mara nne polepole zaidi. Iwapo maji yanatoka kwa mita za ujazo 0.1 kwa sekunde, na ukiweka nyongeza ya usalama ya asilimia 20, udongo unahitaji uso wa mita za mraba 1,330 hivi, ilhali vumbi la makaa linahitaji karibu 5,500. Anayenakili hesabu za bwawa la barabara au la shamba atajenga robo ya bwawa analolihitaji.

Hatua ya 4: Panga umbo. Urefu uwe angalau mara mbili ya upana, na maji yaingie upande ulio mbali na mahali pa kutokea. Eneo likibana, weka kuta za kuyapindisha maji ndani ya bwawa, la sivyo yatapita njia ya mkato na sehemu kubwa ya uso haitafanya kazi.

Hatua ya 5: Sanifu njia za kutokea. Bomba kuu litoe maji ya juu polepole, na njia ya dharura ikatwe kwenye ardhi asilia, si juu ya udongo uliojazwa wa tuta, ambao maji huumomonyoa haraka.

Hatua ya 6: Pima maji yanayotoka. Viwango vya Marekani huruhusu hadi miligramu 70 za chembe ngumu kwa lita kwa siku moja na wastani wa 35 kwa siku 30, huku pH, yaani kipimo cha asidi, ikiwa kati ya 6 na 9. Tanzania, masharti ya kibali cha bodi ya maji ya bonde ndiyo yatakayokufunga. Kama miamba ina piriti (madini ya chuma na salfa), kutuamisha pekee hakutoshi: maji yatageuka kuwa na asidi na kubeba chuma kilichoyeyuka, na yatahitaji chokaa kabla ya kuingia bwawani.

Hatua ya 7: Simika nguzo yenye alama ndani ya bwawa, kisha uondoe mashapo yanapofikia asilimia 60 ya nafasi yake. Yamwage ndani ya eneo linalorudisha maji kwenye bwawa hilohilo.