Jinsi ya kuomba kibali cha kuingia Hifadhi ya Milima ya Udzungwa

Udzungwa huizunguki kwa gari. Ndani ni msitu na njia za miguu tu, kwa hiyo kabla hujaomba chochote amua utapanda wapi. Maporomoko ya Prince Bernhard yako jirani na makao makuu ya hifadhi, Mang'ula. Hata mwenye watoto anafika. Sanje, ambako maji yanashuka mita 170, inataka nusu siku na magoti mazima. Kilele cha Mwanihana ni safari ya kulala njiani, na maandalizi yake ni mengine kabisa.

Ukishachagua, wasiliana na ofisi ya hifadhi siku chache kabla. Taja tarehe, njia, idadi ya watu, uraia na umri wa watoto. Uraia una maana kubwa hapa: mwananchi wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, ila lazima aoneshe kitambulisho. Kadi ya NIDA inatosha kwa Mtanzania. Kiingilio na malipo ya mwongozaji ni vitu viwili tofauti, basi uliza jumla yote mapema.

Kisha utapewa kontroo namba, yaani namba ya kulipia Serikalini: tarakimu 12, zinaanza na 99. Hapa ndipo wengi tunakwama. Safari yangu ya kwanza nilitia noti mfukoni kama naenda gulioni, nikafika nikaambiwa fedha taslimu hazipokelewi. Asubuhi nzuri ikaishia kwa wakala wa simu, jua likipanda. Lipa ukiwa bado nyumbani, benki au kwa simu kwenye malipo ya Serikali. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la anayelipwa na kiasi. Ujumbe wa malipo usiufute; piga picha pia, maana simu huzima.

Kutoka Dar panda basi la Ifakara. Linaacha lami kuu pale Mikumi, linapita Kidatu kwenye mashamba ya miwa, na Mang'ula unaiona milima mkono wa kulia. Lala hapo. Machi hadi Mei njia zinateleza vibaya. Mimi huenda kuanzia Juni.

Saa 1 asubuhi uwe getini na kitambulisho, risiti, maji na viatu vyenye meno. Wanaandika majina, unakabidhiwa mwongozaji, mnaingia.

Mbega mwekundu wa Udzungwa hapatikani popote nje ya milima hii na misitu iliyo jirani nayo, na usimtafute kwa macho. Tega sikio: tawi litaanguka kwa kishindo, majani yatapukutika juu ya kofia yako, ndipo utaona mkia mrefu unaning'inia na kichwa chenye nywele nyekundu kikikuchungulia.